Nyumba Iliyokatwa kwa Mkasi

Mtaani walimwita Bi Kwanini, na jina hilo hakupewa bure. Ukimpelekea suruali aifupishe, atataka kujua kwa nini mguu wa kushoto umechakaa kuliko wa kulia. Ukimjibu hujui, atakutembeza humo kibandani mwake, nenda rudi, nenda rudi, mpaka ajue yeye. Kuna wateja waliochukia mambo hayo. Wengi walirudi, maana nguo zake zilikaa mwilini zikatulia, na kuuliza, kama tujuavyo, si ujinga.

Alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na miwili, hana mume wala hana haja ya kumweleza mtu kwa nini hana. Aliishi ghorofa ya tatu na dada yake mkubwa, tarishi wa zamani. Dada mtu alibeba barua na mafaili ya ofisi kwa miaka ishirini na miwili, kwa miguu yake mwenyewe, na mji mzima haukuwa na njia ya mkato asiyoijua. Kisha uti wa mgongo ukamwangusha, akawa mtu wa kiti cha magurudumu katika jengo lisilo na lifti.

Ngazi zilikuwa hamsini na nne. Bi Kwanini alizihesabu, bila shaka. Ili dada ashuke, ilibidi watafutwe wanaume wawili wenye migongo mizima na nafasi ya saa nzima, nao waombwe, washukuriwe, kisha waombwe tena wakati wa kupanda. Dada mtu alichukia kuomba kuliko alivyouchukia ugonjwa wenyewe. Akapunguza kushuka. Mwaka wa sita alishuka mara mbili tu, zote kwenda hospitali. Siku nyingine alikaa dirishani, akautazama mji wake ukitembea bila yeye.

Sasa, baba yao alikuwa amewaachia kiwanja. Nasema kiwanja kwa heshima ya marehemu. Kwa kweli ilikuwa nafasi iliyosahauliwa kati ya duka la kutoa nakala na nyumba ya mwalimu mstaafu, upana mita tatu na sentimita sitini, urefu mita kumi na nne. Baba alitengenezea baiskeli humo, chini ya bati moja. Alipofariki, mtaa ukapaita Pengo, na kila karatasi iliyopeperuka barabarani ikaona hapo ndipo kwao.

Asubuhi moja Bi Kwanini alipita na furushi la nguo kichwani, akaingia Pengo, akatua furushi na kunyoosha mikono huku na huku. Vidole havikugusa ukuta wowote. Akabaki amesimama vile vile, mikono imetanda, watu wanampita wakidhani ameanza kuchanganyikiwa. Alikuwa akijiuliza: kwani mtu anahitaji upana gani ili aishi?

Swali likikamata roho ya mtu kama huyu, haliachi. Wiki zile alipima kila kitu. Alipima kitanda, meza, mwenye duka la nakala akiwa amebeba sanduku la karatasi, na watu wawili wanene wakipishana mlangoni pa duka bila kugusana, jambo ambalo iligundulika haliwezekani. Alikipima kiti cha dada yake: sentimita sitini na tatu, pamoja na mikono inayosukuma. Alipima duara ambalo kiti kinahitaji ili kigeuke. Futikamba haikuondoka shingoni mwake hata alipokwenda msibani. Kisha ndipo alipofungua mdomo.

"Dada, nataka kujenga Pengo."

"Ujenge nini, kabati?"

"Nyumba. Wewe chini, mimi juu. Mlango unafungukia barabarani, hamna ngazi, hamna hata kizingiti."

Dada mtu hakucheka. "Nitaingia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na kutoka?"

"Na kutoka."

"Basi nisikilize, mdogo wangu. Nikihamia huko halafu nikalazimika kumwita mtu anisukume, anipitishe, aninyanyue, hata mara moja, hata wewe, unirudishe huku juu uniache. Bora niombe mara mbili kwa mwaka kuliko kila asubuhi."

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Dada mtu aliwaheshimu wahenga, lakini katika hili waliachana njia. Kwake yeye nyumba ilikuwa mlango, na mengine yote nyongeza.

Fundi mwashi waliyempata aliitwa Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye kizito chini ambayo waashi hupimia kama ukuta umesimama wima. Wenzake huitoa kazini. Yeye alitembea nayo mfukoni. Akikutembelea nyumbani, kabla ya kukaa atakuwa ameshaining'iniza kwenye kona ya sebule yako, akasikitika kimyakimya. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipoambiwa nyumba ya mita tatu na sitini, alisema tu, "Mchoro uko wapi?"

"Mchoro siuelewi, fundi," Bi Kwanini akamjibu. "Mimi naelewa kukata. Nguo huikati kwa kipimo cha mwanasesere halafu utegemee imkae mtu mzima. Nipe wiki tatu."

Akaikata nyumba. Simaanishi mfano wa kuweka mezani. Aliikata nyumba nzima kwa kitambaa, ukubwa wake kamili. Alichukua mashuka yaliyochoka, mapazia, na nguo ambazo wateja walileta wakatoweka, maana kila fundi cherehani ana rundo la nguo za watu waliokwenda na maji. Akaziunga. Kuta alizishona kwa uzi mwekundu, milango kwa uzi wa buluu, kitanda cha dada kikawa kiraka cha kijani. Chumba kilikuwa na upana wa mita mbili na sitini, na kando yake korido ya mita nzima kutoka mlango wa mbele hadi chooni nyuma, mahali ambapo ngazi nyembamba ingepanda juu kwake.

Wakaitandaza kwenye uwanja wa shule wakati wa likizo, pembe nne zimekandamizwa kwa mawe. Kiti cha magurudumu kilishushwa peke yake, dada akabaki kitandani siku hiyo. Bi Kwanini akakikalia. Akaingia mlangoni, akapita korido, akakata kona kuingia chumbani, akageuka, akaenda chooni, akageuka, akarudi. Uzi mwekundu haukuguswa. Na mle kitini aligundua mambo ambayo miaka sita ya kusukuma haikumfundisha: kwamba swichi za watu wote ziko mbinguni, kwamba ukikaa hivyo ndipo unapoona uchafu wa chini ya meza, kwamba watu wakizungumza nawe huinama kama wanaoongea na mtoto. Hilo la mwisho lilimuuma, kwa kuwa alikumbuka alivyokuwa akiinama yeye mwenyewe.

"Kaa na wewe, fundi," akamwambia Timazi.

"Mimi sina haja."

"Kaa ujue unajenga nini."

Timazi akakaa kwa aibu. Alizunguka mara moja, mara mbili, na mara ya tatu hakuna aliyemwambia aendelee. Aliposimama alijipangusa suruali, akaashiria chini kwa kidole. "Huu uzi mwekundu ndio ukuta?"

"Ndio ukuta."

"Haya."

Likumbuke hilo "haya".

Ujenzi ukaanza. Bi Kwanini alifunga kibanda chake kila siku baada ya saa sita mchana akaenda Pengo kukoroga udongo wa saruji, kusogeza matofali na kuuliza. Kwa nini tofali linamwagiwa maji kabla ya kujengewa? Kwa nini zege linafunikwa kama mgonjwa wa homa? Kwa nini kila mstari unaanzia katikati ya tofali la chini? Timazi alijibu kwa neno moja au mawili, na ikitokea swali limempendeza, kwa matatu. Kuta za pembeni zilibanana na za majirani hivi kwamba mkono haupiti. Alizijenga akiwa upande wa ndani, akiinama juu ya tofali ili afikie uso wa nje, kisha akiifuta saruji iliyozidi kwa mwiko, taratibu, kila tofali.

"Upande huo nani atauona tena?" Bi Kwanini akauliza.

"Hakuna."

"Sasa unaufutia nani?"

Timazi akafikiri. "Mimi nimeshauona."

Jioni habari zote zilipandishwa ngazi hamsini na nne. Dada mtu, ambaye zamani alikuwa akiyachoka maswali ya mdogo wake, sasa ndiye aliyeuliza. Mlango umefika wapi? Unafungukia ndani au nje? Mtaro wa barabarani umefunikwa? Aliomba kalamu, akaanza kuandika kitu kwenye daftari dogo, na akiingia mtu analifunga. Bi Kwanini alikufa kwa hamu ya kulisoma.

Kuta zilipofika kifuani, ule wa ndani wa kutenganisha chumba na korido ukiwa mistari minne, Bi Kwanini alileta kitambaa chake ili aone taa ziwekwe wapi. Akaanza kukitandaza humo ndani. Hakikutandazika. Kililala vizuri katikati, lakini pembeni kikapanda ukutani, na upande wa korido kikajikunja mikunjo mikubwa. Akadhani kimevutika kwa umande. Akavuta futikamba shingoni, akapima korido, akapima tena kuanzia upande wa pili, kana kwamba upande wa pili ungemhurumia.

Sentimita sitini. Na plasta bado.

"Fundi."

"Naam, fundi." Ndivyo walivyoitana.

"Mita yangu moja iko wapi?"

Timazi akaja, akatazama kitambaa, akatazama ukuta, akaweka mwiko chini. "Ndani ya kuta," akasema. "Tofali la pembeni inchi sita. Upande wa pili inchi sita. Huu wa katikati inchi nne. Chumba nimekupa kamili kama ulivyokata. Kilichobaki ndicho korido."

"Hukuniambia!"

"Nilidhani umeshatoa."

"Na mimi nilidhani utatoa wewe!"

Yeyote ambaye amejenga hata banda la kuku angeshangaa. Lakini huyu alikuwa amekata kitambaa miaka thelathini, na kitambaa hakina unene wa kuhesabiwa. Ukichora mstari kwa chaki, mstari ndio mwisho wa upande huu na mwanzo wa upande ule, basi. Aliacha hata akiba ya mshono, akajiona mwerevu. Ukuta wenye tumbo hakuwahi kuushona.

Wakahangaika. Kupunguza chumba? Kitanda kikikaa, kiti hakigeuki. Kusogeza kuta za nje? Za majirani hazisogei, na mwalimu mstaafu alikuwa ameshakuja mara mbili kukagua kwamba hakuna tofali linalomgusa. Bi Kwanini akakalia ndoo iliyopinduliwa, akalia. Alilia kwa hasira, na hasira ilikuwa juu yake mwenyewe. Akilini alimwona dada yake amekwama kwenye korido yake mwenyewe, magurudumu yamebanwa, anaita mtu. Timazi alisimama pembeni akiikunja na kuikunjua kamba yake, hana pa kuining'iniza.

Siku nne akapanda ngazi na kusema "inaendelea vizuri", kisha akala na kulala. Siku ya tano dada mtu akamzuia mlangoni kwa kiti.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Siku nne hujaniuliza chochote. Hata kwa nini nimevaa sweta kwenye joto hili. Nililivaa makusudi."

Ikabidi aseme. Alisema yote, uzi mwekundu, inchi sita, sentimita sitini, akiwa ametazama sakafu. Alipomaliza akasubiri aambiwe basi, tubaki hapa juu. Dada mtu alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta anwani iliyoandikwa vibaya.

"Korido ni ya nini?"

"Ya kupita."

"Kupita nani?"

"Watu. Mimi nikienda ngazini, wewe ukienda chooni."

"Ili?"

"Ili mtu asipite chumbani kwako."

"Mtu gani? Nyumba ina watu wangapi, mdogo wangu? Mimi nimetembea kwenye korido za watu miaka ishirini na miwili. Ni mahali pa kusubiri uambiwe ingia. Sijawahi kumkuta mtu anaishi humo. Umepima mpaka tumbo la mwenye duka la nakala, hukujiuliza korido ya nini?"

Kinyozi hajinyoi. Mwanamke aliyemuuliza kila mtu kila kitu alikuwa ameikata korido kwa sababu tu kila nyumba aliyopata kuingia ilikuwa nayo. Kwanza aliona haya, kisha akaanza kucheka, machozi bado yako njiani.

"Lakini mimi nikishuka usiku na wewe umelala? Au unavaa?"

"Si wewe mwenye ukuta usio na unene?" dada mtu akasema. "Utundike."

Kesho yake Timazi aliubomoa ule ukuta wa mistari minne. Aliubomoa kwa majonzi, kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, ulikuwa umenyooka. Ile nyumba ya kitambaa Bi Kwanini akaikata upya, akaikunja mara mbili, akaitia turubai katikati ili iwe nzito, ikawa pazia refu linaloteleza kwenye bomba kutoka mbele hadi nyuma. Likivutwa, dada ana chumba na mdogo wake ana njia. Likikusanywa, nyumba nzima ni moja, na kiti kinageuka popote kinapotaka. Ukiangalia kwa makini pazia lile, utauona uzi mwekundu unakatiza hapa na pale, kuta za nyumba ambayo haikujengwa.

Wakahamia kabla plasta ya nje haijaisha. Wanaume wawili walimshusha dada ngazi hamsini na nne, akawashukuru, na wakati wa kuagana akawaambia hatawasumbua tena. Alisema bila kutabasamu. Siku ya kwanza alifungua mlango na kuufunga mara kumi na moja. Alikwenda chooni bila haja. Alijaribu swichi zote, ambazo sasa zilikuwa usawa wa bega lake. Siku ya pili alitoka hadi ukingo wa barabara, akarudi. Bi Kwanini alisimama nyuma yake muda wote, mikono tayari, mpaka akaambiwa, "Wewe unamlinda nani?"

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Bi Kwanini alikuwa juu akipiga pindo. Akaita, "Dada, niweke chai?" Kimya. Akaita tena. Akashuka. Pazia limekusanywa, kitanda kimetandikwa, mlango umefungwa vizuri. Lile daftari dogo halikuwepo mezani.

Alitoka mbio na uzi mdomoni. Timazi alikuwa kwenye jukwaa lake la mbao akipaka plasta.

"Dada yuko wapi?"

"Amepita. Kaniambia, 'Fundi, za kazi.' Kisha kakata kona." Akaonyesha kwa mwiko.

"Anakwenda wapi?"

"Sikuuliza."

"Kwa nini hukuuliza?"

Timazi akamtazama kutoka juu, akarudi kwenye plasta yake.

Bi Kwanini alikuwa ameshatoa mguu mmoja barabarani. Kuna malori pale kona. Kuna mitaro. Hatua mia mbili tu, angechungulia, asingeonekana. Alisimama hivyo, mguu mmoja ndani, mwingine nje, hapo ambapo kwa agizo lake mwenyewe hapakuwa na kizingiti. Kwa miaka sita alijua dada yake yuko wapi kila dakika ya kila siku. Akaurudisha mguu ndani, akafunga mlango.

Pindo lile alilishona, akalifumua, akalishona. Saa tano. Saa sita. Saa saba ikapita. Saa saba na nusu akasikia kitu kimegonga mlango chini kidogo, mlango ukasukumwa, magurudumu yakaingia. Hakuna aliyeitwa.

Alishuka polepole, kwa nguvu zote za kujizuia. Dada mtu alikuwa katikati ya nyumba, anahema, viganja vimechubuka. Magurudumu yamejaa matope mekundu, na mtaani kwao matope mekundu hakuna. Pindo la gauni lilikuwa limelowa. Jani refu lilikuwa limenasa kwenye spoku. Mapajani palikuwa na lile daftari na bahasha ya kaki iliyopigwa muhuri wa leo. Na uso wake, ule uso wa zamani za utarishi, Bi Kwanini alikuwa ameusahau.

Maswali yalimjaa kinywani hadi taya likauma.

Dada mtu akasubiri. "Huniulizi?"

"Nakuuliza," Bi Kwanini akasema. "Una njaa?"

Dada mtu akamtazama, akakaza midomo, kisha akaitikia kwa kichwa. Akasukuma kiti mpaka upande wake na kuvuta pazia.

Bi Kwanini akaenda jikoni kupasha chakula. Sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye pazia, matope yalikuwa yameacha mistari miwili iliyopinda vizuri bila kugusa ukuta popote. Aliipita kwa kuiruka, na hakuifuta mpaka wiki ilipokwisha.